Kumbukumbu za mkulima nazo zinahitaji ghala lenye funguo

MSIMU wa korosho unapofunguliwa katika mikoa ya kusini, mkulima hupeleka magunia yake kwenye chama cha msingi, hupimiwa, kisha hupewa karatasi inayoonyesha kilo alizofikisha. Kuanzia hapo hazioni tena korosho zake. Zimechanganywa na za wenzake, zimepakiwa kwenye lori hadi ghala kuu na kusubiri mnada. Kinachobaki mkononi mwake ni maandishi tu.

Maandishi hayo ndiyo yatakayoamua alipwe kiasi gani na akatwe kiasi gani. Karatasi yake ikiloa, na kumbukumbu za chama nazo zikapotea, mkulima huyo hana korosho wala ushahidi kwamba aliwahi kuwa nazo.

Kwa upande wa mazao yenyewe, nchi ilikwishaona umuhimu wa ghala linaloaminika. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na mfumo huo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007. Mantiki yake ni rahisi. Mzigo uwekwe mahali penye mwendeshaji mwenye leseni, mizani inayokaguliwa na stakabadhi inayotambulika, ili mwenye mali asilazimike kulala mlangoni akiilinda.

Swali ambalo haliulizwi mara nyingi ni hili: ghala la kumbukumbu zenyewe liko wapi? Ukiliuliza katika ofisi za vyama, jibu la kawaida ni kompyuta moja iliyo mezani kwa mhasibu na flashi moja iliyo ndani ya droo ya meza hiyo hiyo. Akija mwizi, atachukua vyote viwili kwa mkono mmoja.

Si ajabu basi kwamba wauzaji wa vifaa vya kompyuta wameanza kuviona vyama vya ushirika kuwa ni wateja wazuri. Wanakuja na sanduku la kuhifadhia data, wanasema ni "wingu lenu wenyewe", na wanataja bei. Viongozi wa chama nao, kwa kuogopa kuonekana wamepitwa na wakati, husaini hundi bila kuuliza sanduku hilo litapangwaje.

Hapo ndipo penye kosa. Sanduku si bovu. Linaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko yote ambayo chama kikuu kimefanya katika miaka kumi. Lakini ni ghala tupu, na ghala tupu lisilo na vyumba, funguo, daftari la mapokezi wala ghala la pili la akiba haliwezi kumlinda mkulima.

Sanduku ni nini, wingu ni nini

Mashine inayozungumzwa hapa aghalabu haizidi ukubwa wa redio ya kaseti. Ndani yake mna diski mbili, nne au zaidi. Haina skrini wala kibodi. Huunganishwa kwa waya kwenye mtandao wa ofisi, na kompyuta zote zikaweka data humo badala ya kila moja kutunza ya kwake. Mafundi huiita NAS.

Sanduku hilo linaweza kufanya kazi kwa njia mbili, na wanunuzi wengi hawaelezwi tofauti yake.

Njia ya kwanza ni kuhifadhi faili. Hii ni sawa na ghala la kawaida lenye mtunzaji mmoja. Yeye ndiye anayepokea, anayepanga rafu na anayejua kila kitu kiko wapi. Kompyuta ikihitaji barua au picha fulani, sanduku huitafuta na kuitoa. Watu wengi wanaweza kuchukua kwenye rafu moja bila kugongana.

Njia ya pili ni hifadhi ya bloku. Hapa sanduku halipangi rafu yoyote. Linakata nafasi tupu, mithili ya chumba kisicho na kitu, na kuikabidhi kwa seva moja. Seva hiyo hukiona chumba hicho kana kwamba ni diski iliyofungwa ndani yake yenyewe, ikajijengea rafu inavyotaka. Programu za uhasibu na hifadhidata za mapokezi ya mazao hufanya kazi vizuri kwa njia hii, kwa sababu zinaandika vitu vidogo vidogo mara nyingi na zinataka utaratibu wao usiingiliwe.

Sasa wingu ni nini? Kampuni ya Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi ya bloku kwa jina la EBS mwezi Agosti 2008, diski zilikuwa ni zile zile zinazojulikana. Kilichokuwa kipya ni namna ya kuzipata. Mteja anataja anataka gigabaiti ngapi, chumba kinakatwa na kukabidhiwa papo hapo, na akimaliza anakirudisha. Hakuna kumsubiri fundi. Wingu, kwa maana hiyo, ni utaratibu wa kuomba, kupewa na kurudisha. Utaratibu huo unaweza kufanyika Marekani, na unaweza pia kufanyika katika ofisi ya chama kikuu Masasi.

Mwaka 2010, shirika la anga la Marekani, NASA, na kampuni ya Rackspace waliutoa kwa umma mradi wa OpenStack, mkusanyiko wa programu za kuendesha wingu ambazo hazilipiwi leseni. Sehemu yake inayoshughulikia hifadhi ya bloku ilijitegemea mwaka 2012 kwa jina la Cinder.

Cinder yenyewe haihifadhi chochote. Ni karani wa ghala. Hupokea maombi, huliagiza sanduku likate chumba cha ukubwa uliotajwa, huandika nani amepewa, na chumba kikirudishwa hufuta jina. Ili karani huyo aelewane na sanduku, hutumia programu ndogo ya kiunganishi iliyoandikwa kwa ajili ya sanduku la aina hiyo. Si kila sanduku lina kiunganishi chake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji, kabla hata ya bei, ni kama sanduku lake linaelewana na programu ambazo chama kinakusudia kutumia.

Jinsi ya kulipanga ghala

Kazi ya kulipanga sanduku liwe hifadhi ya wingu ni ya fundi, na mkulima hahitaji kuijua kwa mikono yake. Lakini mjumbe wa bodi anayeidhinisha malipo anapaswa kujua mambo matano ya kumuuliza fundi huyo.

La kwanza ni diski. Diski hufa, na hakuna diski isiyokufa. Ndiyo maana mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walieleza mbinu inayoitwa RAID. Data husambazwa katika diski kadhaa kwa namna ambayo moja ikifa, zilizobaki zinaweza kuijaza pengo lake. Ulinzi huo una gharama. Sanduku lenye diski nne za terabaiti nne litauzwa kwa jina la terabaiti 16. Likipangwa livumilie vifo vya diski mbili kwa wakati mmoja, nafasi ya kutumia inabaki takriban terabaiti nane. Chama kinachopiga hesabu kwa kutumia ile 16 kimekwishajidanganya siku ya kwanza.

La pili ni barabara. Data ya bloku husafiri kwa utaratibu unaoitwa iSCSI, ambao viwango vyake vilichapishwa mwaka 2004. Utaratibu huo hubeba amri za diski juu ya waya za kawaida za mtandao, na ndiyo maana ni rahisi kuliko mitambo ya zamani iliyohitaji waya wa pekee. Lakini urahisi huo huleta uzembe. Barabara ya data inapaswa kutengwa na barabara ya watu. Ikiwa seva na sanduku vinapitisha data kwenye swichi ile ile ambayo wageni wa ofisi wanaangalia video, siku ya malipo programu itasuasua na lawama zitamwangukia karani.

La tatu ni funguo. Kila chumba kinapaswa kufungwa kwa jina la seva moja na nywila yake, na ikiwezekana pande zote mbili zithibitishane kabla ya mlango kufunguka. Hili si la kuzuia wezi pekee. Seva mbili zisizojuana zikipewa chumba kimoja, kila moja itapanga rafu zake bila kujua mwenzake amepanga nini. Data itaharibika ndani ya muda mfupi, na mwizi hatakuwepo wa kukamatwa.

La nne ni ahadi. Masanduku ya kisasa yanaruhusu kuahidi nafasi kubwa kuliko iliyopo. Chukulia chama kikuu chenye vyama vya msingi 80, kila kimoja kikaahidiwa chumba cha gigabaiti 200. Jumla ni gigabaiti 16,000, yaani terabaiti 16, ilhali ghala lina nane. Kwa kuwa si wote wanaojaza vyumba vyao kwa wakati mmoja, mambo yanaweza kwenda vizuri kwa miaka. Lakini yeyote anayejua stakabadhi za ghala anaitambua hatari hii mara moja. Ni sawa na mtunza ghala anayeandika stakabadhi za magunia mengi kuliko yanayoweza kuingia.

Siku nafasi ikiisha kweli, hakatizwi yule aliyejaza peke yake. Wote wanaotegemea ghala hilo husimama kuandika, na siku hiyo yaweza kuwa katikati ya msimu. Kuahidi kupita kiasi kunaruhusiwa iwapo kuna kikomo kilichoandikwa, na kengele inayolia mapema, tuseme robo tatu ya nafasi inapokuwa imejaa, na mtu anayelipwa kuisikiliza.

La tano ni jaribio. Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho ya fedha zake, bodi imtake achomoe diski moja mbele yao mfumo ukiwa unafanya kazi. Kisha azime umeme wa ukutani waone kama betri ya UPS inalipa sanduku muda wa kujizima taratibu. Mwisho, afute faili ya majaribio na kuirudisha kutoka kwenye nakala. Fundi mzuri hatakataa. Anayekataa amekwishajibu swali.

Hesabu inasema nini

Viongozi wengi huamini kwamba tatizo lao ni nafasi ndogo. Hesabu rahisi inaonyesha vingine.

Chukulia chama cha msingi chenye wakulima 400, kila mmoja akifikisha mzigo mara 12 kwa msimu. Hiyo ni mistari 4,800 ya mapokezi. Kwa vyama 80 ni mistari 384,000. Kila mstari ukibeba herufi 500, kumbukumbu zote za msimu za chama kikuu kizima ni megabaiti 192. Zinaingia kwenye simu ya mkononi na nafasi kubwa ikabaki.

Hata chama kikiamua kupiga picha kila karatasi ya mapokezi, kwa kilobaiti 300 kila picha, jumla ni kama gigabaiti 115 kwa msimu. Miaka kumi haifikishi terabaiti moja na robo.

Kwa mantiki hiyo, chama kinachoshawishiwa kununua sanduku kubwa la diski 12 kinanunua hewa. Fedha hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi ikigawanywa: sanduku la wastani, sanduku la pili dogo la kuweka mbali, betri ya umeme, diski moja ya akiba kabatini, na mshahara wa kijana mmoja aliyesomea kazi hiyo. Katika orodha hiyo, kitu ambacho hukatwa kwanza kwenye bajeti ni mshahara, na ndicho kinachofanya vingine vyote viwe na maana.

Hali kadhalika, si kila mtu anahitaji njia ya bloku. Mwenye duka la pembejeo, au mfanyabiashara wa mahindi mwenye maduka mawili matatu, anatosheka na sanduku la diski mbili linalohifadhi faili kwa njia ya kwanza, pamoja na nakala nje ya duka. Na chama kikuu kimoja peke yake hakina sababu ya kuendesha OpenStack nzima, ambayo inataka seva kadhaa na watu wenye ujuzi wa kuiangalia kila siku. Seva mbili na sanduku moja lililokatwa vyumba vinatosha.

OpenStack na karani wake Cinder zinaanza kuleta faida pale vyama vikuu kadhaa vinapoungana kuwa na ghala moja la data linalohudumia mamia ya vyama vya msingi. Ushirika uliwahi kujenga viwanda na maghala kwa kuungana. Hakuna sababu ya kila chama kununua sanduku lake na kulitelekeza.

Kwa nini wasikodishe tu?

Wapo wanaosema kwamba mjadala huu hauna maana, kwa kuwa hifadhi inaweza kukodishwa kwa kampuni kubwa za nje. Hoja hiyo ina uzito. Kampuni hizo zina mafundi usiku na mchana na umeme usiokatika. Nazo zimesogea karibu: Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua vya kwake Cape Town mwaka 2020.

Lakini mkodishaji naye ana masharti yake. Bei aghalabu hutajwa kwa dola, wakati mkulima hulipwa kwa shilingi. Katika hifadhi ya bloku ya Amazon, mteja hulipia ukubwa wa chumba alichoomba, kiwe kimejaa au kitupu. Kuitoa data nje ya wingu nako kuna malipo yake. Na kodi haina mwisho, tofauti na sanduku ambalo likilipiwa limelipiwa, ingawa nalo lina umeme, matengenezo na diski za kubadilisha.

Zaidi ya bei kuna njia ya kufika huko. Mei 12, 2024 mikondo miwili ya baharini inayoleta intaneti Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti haikupatikana nchini kwa siku kadhaa. Oktoba ni mwezi wa korosho. Chama ambacho daftari lake liko ng'ambo peke yake, siku kama hizo hakiwezi kumwonyesha mkulima hata kilo zake mwenyewe.

Kwa hiyo jibu la busara si kuchagua kimoja na kukitupa kingine. Kazi ya kila siku ifanyike kwenye sanduku lililo karibu, ambalo linafanya kazi hata mkonga wa baharini ukikatika. Nakala ipelekwe mbali kila usiku, ikiwa imefungwa kwa siri ambayo mkodishaji hawezi kuisoma. Kwa kuwa hesabu imeonyesha data ni ndogo, kodi ya nakala hiyo haitakuwa mzigo mkubwa kwa chama kikuu.

Ghala moja likiungua

Sanduku peke yake, hata likiwa na RAID, si nakala. Hili linafaa kurudiwa kwa sababu wauzaji hulipita kimya kimya. RAID inalinda dhidi ya kifo cha diski. Hailindi dhidi ya moto, mafuriko, wizi, radi, au karani aliyefuta faili kwa bahati mbaya. Karani akifuta, diski zote hufuta kwa utii ule ule.

Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la data la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliopoteza kila kitu, kwa kuwa hawakuwa na nakala sehemu nyingine. Septemba 26, 2025 moto mwingine uliotokana na betri za akiba ya umeme uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Hifadhi waliyotumia watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, ilipotea kwa sababu haikuwa na nakala nje ya kituo. Nchi hiyo haikukosa fedha wala wataalamu. Ilikosa ghala la pili.

Wezi wa mtandaoni nao wanayajua masanduku haya. Juni 2021, wamiliki wengi wa masanduku ya My Book Live ya kampuni ya Western Digital waliamka na kukuta data zao zimefutwa na watu wa mbali. Masanduku hayo yalikuwa yameunganishwa kwenye intaneti, na yalikuwa hayapati marekebisho ya usalama tangu mwaka 2015. Fundisho lake ni kwamba sanduku la chama halipaswi kuonekana moja kwa moja kwenye intaneti, na likiacha kupata marekebisho ya mtengenezaji limekwisha umri wake hata kama bado linawaka taa.

Kanuni ya wataalamu ni nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Mkulima anaifahamu kanuni hiyo bila kufundishwa. Hakuna mwenye akili anayeweka mbegu yake yote ya mwaka ujao katika kihenge kimoja.

Nani anashika funguo

Linabaki jambo ambalo ni gumu kuliko diski na waya, nalo ni madaraka. Anayeshika nywila kuu ya sanduku anaweza kusoma, kubadili na kufuta kumbukumbu za maelfu ya watu. Katika ushirika, ambako malalamiko ya kilo kupunguzwa na majina hewa si mageni, hili si suala la fundi peke yake.

Nywila kuu isiwe ya mtu mmoja. Iandikwe, itiwe kwenye bahasha yenye lakiri, iwekwe sefu, na kufunguliwa kwake kuandikwe kwenye kitabu. Mhasibu akihama au akifukuzwa, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Kuna ofisi zilizokaa wiki nzima zikimbembeleza mtumishi aliyeondoka kwa hasira awape nywila.

Hifadhi ya bloku ina chombo kimoja kinachoweza kumsaidia sana mkulima. Sanduku linaweza kupiga picha ya chumba kizima jinsi kilivyo saa fulani, bila kusimamisha kazi. Chama kikiweka utaratibu wa kupiga picha hiyo kila mapokezi yanapofungwa na kila baada ya mnada, kisha nakala yake ikapelekwa mahali ambapo watumishi wa chama hawawezi kuigusa, basi yeyote atakayebadili kilo baadaye ataonekana. Mkaguzi wa COASCO atalinganisha picha ya Jumanne na daftari la mwisho wa msimu, na tofauti itajisema. Picha zikibaki kwenye sanduku lile lile chini ya mtu yule yule, hazina maana, kwa sababu anayeweza kubadili daftari anaweza pia kufuta picha.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za benki ni taarifa binafsi, na chama kinachozikusanya kina wajibu wa kuzilinda na kufuata masharti kabla ya kuzipeleka nje ya nchi. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Kiongozi anayesema hayo ni mambo ya kampuni za simu anajidanganya.

Kuanzia msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Hii ina maana kwamba kilo za mkulima zinazidi kusafiri zikiwa namba ndani ya kompyuta, kuanzia mizani ya kijijini hadi akaunti ya benki. Mnyororo huo utakuwa imara kiasi cha pingu yake iliyo dhaifu kuliko zote, na kwa sasa pingu hiyo ni kompyuta ya mezani kwa mhasibu.

Mkulima hahitaji kujifunza iSCSI ili kulisimamia jambo hili. Katika mkutano mkuu ujao anaweza kusimama na kuuliza maswali matatu. Kumbukumbu zetu ziko mahali pangapi? Nani ana funguo? Na lini mara ya mwisho mlijaribu kuzirudisha kutoka kwenye nakala? Bodi ikijibu la tatu kwa kutaja tarehe, mkutano uendelee na ajenda nyingine. Ikianza kutazamana, wanachama wasikubali kufunga mkutano kabla ya kuandika azimio, na kutaja jina la atakayelitekeleza na siku ya kutoa taarifa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vimekwishapata daftari. Kilichobaki ni kulitafutia ghala, na la pili yake, kabla msimu mwingine haujafunguliwa.